Maji ya ubongo na ugomvi ulioanza kwa sungura wawili

Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho hakijakaa bila watu tangu Novemba 2, 2000, kimeshapangiwa siku zake za mwisho. Juni 2024 Shirika la Anga la Marekani, NASA, liliipa kampuni ya SpaceX mkataba unaoweza kufikia dola milioni 843 ili itengeneze chombo cha kukisukuma kituo hicho kishuke na kuangukia bahari kuu, kazi yake itakapokoma mwaka 2030. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi fedha, vyuma na nani atakayerithi nafasi hiyo angani. Wachache waliuliza habari za maabara iliyomo ndani, na hasa somo moja ambalo hospitali yoyote duniani isingeweza kulifundisha: ubongo wa binadamu unaishije miezi sita mfululizo bila uzito. Somo hilo halijakamilika. Limechukua zaidi ya karne mbili kufika lilipo, limepotoshwa njiani na makosa ya watu makini, na kosa kubwa kuliko yote, kwa jinsi ushahidi unavyoelekeza, lilikuwa kuudhania mvuto wa dunia kuwa mzigo tu kwa mwili.

Ubongo haukuketi juu ya mfupa, unaelea. Ndani ya fuvu na mfereji wa uti wa mgongo wa mtu mzima mna maji maangavu yanayokaribia mililita 150, kiasi cha nusu ya chupa ya soda, na mwili hutengeneza takriban nusu lita kila siku, kwa hiyo maji hayo hubadilishwa yote mara tatu au zaidi kati ya asubuhi moja na nyingine. Yanachuruzika kutoka kwenye vishada vya mishipa vilivyo katika vyumba vya ubongo, yanauzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha yanarudi kwenye damu ya mishipa ya vena. Fuvu lenyewe limefungwa pande zote. Kati ya ubongo, damu na maji, kimoja kikiongezeka sharti kingine kipungue. Hapo ndipo uzito unapoingia. Mtu akisimama, damu na maji huvutwa kwenda chini na shinikizo kichwani hushuka, akilala, hupanda. Kila anayelala usiku na kuamka alfajiri huipandisha na kuishusha mizani hiyo bila kujua. Ninachodai hapa ni kwamba kupanda na kushuka huko ndiko kunakoulinda ubongo na macho, na kwamba madaktari walichelewa kuliona hilo kwa sababu kwa muda mrefu walimpima binadamu akiwa amelala.

Kauli iliyozua ugomvi ilitoka Scotland. Alexander Monro wa Edinburgh aliandika mwaka 1783 kwamba kwa kuwa fuvu ni sanduku la mfupa na ubongo haubanwi kwa urahisi, damu iliyomo kichwani lazima iwe ya kiasi kilekile wakati wote. Mwanafunzi wake George Kellie, daktari wa mji wa bandari wa Leith, aliitetea kauli hiyo mwaka 1824, baada ya kupasua maiti za watu wawili waliokutwa wamekufa asubuhi ya Novemba 4, 1821 kufuatia dhoruba ya usiku. Hoja yao ilikuwa safi kimantiki, na kama ingekuwa sahihi, kusimama au kulala kusingebadili chochote ndani ya kichwa. Mwaka 1846 George Burrows wa London aliamua kuijaribu kwa njia ambayo leo isingeruhusiwa na kamati yoyote ya maadili. Aliwaua sungura wawili kwa sumu, na mioyo yao ikiwa bado inapiga akamtundika mmoja kwa masikio na mwingine kwa miguu ya nyuma, akawaacha hivyo kwa saa 24. Alipofungua mafuvu, ubongo wa aliyening'inia kwa masikio ulikuwa umepauka, na wa aliyening'inia kichwa chini ulikuwa umejaa damu mpaka umeiva wekundu. Burrows akauliza swali ambalo Monro na Kellie hawakulipa nafasi: kama sanduku limefungwa na damu imepungua, nini kimeshika nafasi yake? Jibu lake lilikuwa maji. Kanuni ya sanduku ilibaki, na bado inaitwa kwa majina ya Monro na Kellie, lakini iliokolewa na mtu aliyewatundika sungura, na jina lake halikuingizwa ndani yake. Hiyo ni dhuluma ndogo ya historia, na inafaa kutajwa.

Baada ya hapo elimu ilisonga haraka, ila ikasonga kwa upande. Heinrich Quincke wa Kiel, Ujerumani, alionyesha mwaka 1891 jinsi ya kutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano na kulipima shinikizo lake, na kipimo hicho kikaenea dunia nzima. Mgonjwa hulazwa ubavu, anakunja magoti kuelekea kifuani, sindano inaingia kiunoni. Hata leo katika wodi zetu hufanyika hivyohivyo. Kwa hiyo namba zote zilizokuja kuitwa za kawaida zilikuwa namba za mtu aliyelala, ilhali binadamu hutumia theluthi mbili za maisha yake akiwa amesimama au ameketi. Wapo waliojaribu kurekebisha. Lewis Weed wa Johns Hopkins aliwainamisha wanyama wa maabara huku na huku kuona maji yanavyosogea, na Bernt Magnaes wa Norway alichapisha mwaka 1976 vipimo vya wagonjwa waliokuwa wakibadilishwa mkao. Walionyesha kwamba mtu akiketi, shinikizo ndani ya fuvu huporomoka hadi karibu na sifuri, na hata chini yake. Walisomwa na mafundi wenzao wa upasuaji wa ubongo, lakini kitabu cha kiada hakikubadilika. Namba ya kitandani ikaendelea kuwa namba ya binadamu.

Kisha binadamu akaenda kule ambako hakuna kusimama wala kulala. Wanaanga wa Kisovieti Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov walirudi Juni 1970 kutoka siku 18 za Soyuz 9 wakiwa dhaifu kiasi cha kuhitaji kushikwa. Katika maabara ya Skylab ya mwaka 1973 na 1974 Wamarekani walikaa hadi siku 84, na picha zao ziliwashangaza waliowajua: nyuso zimevimba, mishipa ya shingo imesimama, na miguu imekonda mpaka wakaisema kuwa miguu ya ndege. Damu na maji yaliyozoea kuvutwa chini yalikuwa yamehamia juu. Kwa upande wa Urusi husimuliwa kwamba wanaanga waliorudi walishindwa kulala kwa sababu walihisi wanateleza kuelekea miguuni pa kitanda, hivyo wakaomba upande wa miguu uinuliwe. Kutokana na malalamiko hayo ilizaliwa mbinu ya kumlaza mtu mwenye afya kwenye kitanda kilichoinamishwa nyuzi 6, kichwa kikiwa chini, kwa siku au miezi, ili kuiga hali ya angani bila kurusha roketi. Ni mbinu nzuri, na imefundisha mengi. Lakini ilibeba ndani yake dhana ile ya kale: kwamba kukosa uzito ni sawa na kulala zaidi ya kulala. Kila aliyelazwa hivyo alipata shinikizo la juu kifuani na kichwani, na watafiti wakaamini kwa miaka mingi kwamba angani mambo lazima yawe vivyo hivyo.

Dhana hiyo ilivunjika asubuhi moja ya Juni 1991. Chombo cha Columbia kiliporushwa Juni 5 kutoka Florida kikiwa na maabara iliyotengwa kwa ajili ya utafiti wa viumbe hai peke yake, mmoja wa abiria wake alikuwa Drew Gaffney, daktari wa moyo, naye alipaa na mpira mwembamba uliopitishwa kwenye mshipa wa mkono hadi karibu kabisa na moyo wake. Mpira huo ulikuwa unapima shinikizo la damu ya vena inayorudi kwenye moyo, kipimo ambacho hospitalini huchukuliwa kwa wagonjwa mahututi. Inafaa kukaa kidogo juu ya jambo hili. Mtu mzima, mwenye afya na familia, alikubali kufungwa kwenye kiti cha roketi akiwa na kitu cha kigeni karibu na moyo, katika chombo cha aina ileile ambayo miaka mitano tu nyuma, Januari 1986, ililipuka na kuua saba, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kujua. Swali lilikuwa na uzito kwa ubongo pia. Damu yote ya kichwani lazima ishuke kwenye moyo kupitia mishipa ya shingo, na maji ya ubongo hurudi kwenye damu hiyohiyo. Kama kwenye moyo kuna msongamano, kichwani nako njia ya kutokea inaziba. Nadharia nzima ya shinikizo la kichwa angani ilisimama juu ya dhana kwamba shinikizo la moyoni litapanda.

Lilishuka. Wakati wa kungoja kurushwa, Gaffney akiwa amelala chali miguu juu, shinikizo lilikuwa kubwa kama ilivyotarajiwa, na roketi ilipokuwa inasukuma likaongezeka. Injini zilipozimika na uzito kutoweka, likaporomoka ndani ya muda mfupi, likaenda chini hata ya lile la mtu aliyeketi kitini duniani. Jay Buckey na wenzake wa Dallas, Texas, waliokuwa nyuma ya jaribio hilo, walirudia kipimo katika safari nyingine ya Columbia ya Oktoba 1993, na matokeo yakawa yaleyale. Mwaka 1996 walichapisha hesabu: kutoka sentimita 8.4 za maji kwa mtu aliyeketi kabla ya safari hadi sentimita 2.5 angani. Wapo waliosema kwanza kwamba chombo cha kupimia kimeharibika, jambo la kawaida matokeo yanapoiudhi nadharia, ingawa watafiti wa Berlin walikuwa wameshatoa dokezo kama hilo baada ya kupima mishipa ya mikono ya wanaanga mwaka 1983. Lakini picha za moyo zilizochukuliwa katika safari hizohizo zilionyesha kitu kilichowaziba mdomo wenye shaka: moyo ulikuwa umepanuka na kujaa zaidi, kutoka sentimita 4.60 hadi 4.97 kwa upana. Shinikizo limeshuka, damu imeongezeka. Maelezo yaliyokubalika zaidi ni kwamba duniani kifua chenyewe, mbavu na ogani zake, hulemea moyo kwa uzito wake. Uzito ukiondoka kifua hutanuka, na moyo hupata nafasi. Kitanda kilichoinamishwa hakiwezi kuonyesha hilo hata mtu akilala mwaka mzima, kwa sababu kitandani uzito upo, umegeuzwa mwelekeo tu. Nimeyafuata maandishi ya kundi hili la Dallas zaidi ya mengine, kwa sababu walikuwa tayari kuamini chombo chao dhidi ya nadharia yao.

Ugomvi ungeishia hapo kama si macho. Mwaka 2005 mwanaanga John Phillips, akiwa kituoni, aligundua kwamba dunia anayoitazama dirishani imekuwa na ukungu. Alienda akiwa na macho makali, akarudi yakiwa yamepungua nguvu sana. Mwaka 2011 Thomas Mader na wenzake walichapisha habari za wanaanga saba waliokaa angani takriban miezi sita: watano walikuwa na uvimbe mahali neva ya jicho inapoingilia, watano mboni zao zimebonyea kwa nyuma, sita walilalamika kuwa hawaoni vizuri vya karibu. Uvimbe wa aina hiyo daktari yeyote wa macho anaufahamu. Ni alama ya shinikizo kubwa ndani ya fuvu, ile inayomfanya amkimbize mgonjwa kwenye picha ya kichwa. Kwa hiyo ugonjwa huo mpya ukapewa jina lililobeba hukumu ndani yake, likiunganisha kasoro ya kuona na shinikizo la fuvu. Kipimo cha Gaffney kikawekwa kando. Moyo ulisema hivi, macho yalisema vile, na macho ndiyo yaliyosikilizwa.

Ilibidi mtu aende kupima ndani ya fuvu kwenyewe, na kutoboa fuvu la mwanaanga kwa ajili ya utafiti ni jambo ambalo daktari mwenye dhamira hawezi kulifanya. Njia ilipatikana kupitia watu ambao historia za anga huwasahau. Mwaka 1963 Ayub Ommaya, daktari wa upasuaji wa ubongo mzaliwa wa Pakistan, alibuni kijifuko kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kichwa, kikiwa na mrija unaofika kwenye vyumba vya ubongo, ili wagonjwa wa saratani wapewe dawa bila kuchomwa mgongo kila mara. Baadhi ya wagonjwa hao hupona, na kijifuko hubaki. Justin Lawley, Benjamin Levine na wenzao wa Dallas waliwaomba watu wa namna hiyo, wazima na waliokwisha kushinda saratani, wakubali kupimwa kupitia kijifuko hicho wakiwa wamelala, wameketi, na ndani ya ndege inayopanda na kushuka kwa mkunjo unaoondoa uzito kwa sekunde kama 20 kila mara. Watu waliokwisha kupitia mateso ya saratani ya damu wakakubali kupanda ndege inayojulikana kwa kutapisha abiria, ili watu wengine waende Mars. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Waliolala walikuwa na shinikizo la takriban milimita 15 za zebaki. Walioketi, kama 4. Uzito ulipoondoka, shinikizo likashuka chini ya lile la kulala, bila kufika kamwe kwenye lile la kuketi.

Katika vipimo hivyo vitatu ndimo nadharia mpya ilimo. Angani shinikizo la kichwa si la kutisha. Daktari akiliona wodini hatashtuka. Tatizo ni kwamba halishuki. Duniani ubongo na neva za macho huvumilia usiku wa milimita 15 kwa sababu mchana wa milimita 4 unakuja. Mwanaanga hana mchana huo. Kwa miezi sita yuko katikati, juu kidogo ya raha na chini kidogo ya hatari, na maji yanayozunguka neva ya jicho yanaisukuma mboni kwa nguvu ndogo isiyopumzika. Mwaka huohuo wa 2017 jina la ugonjwa lilibadilishwa. Neno shinikizo likaondolewa, yakabaki maneno yanayotaja neva, macho na safari za anga tu. Sioni kwamba hilo lilikuwa jambo dogo la makaratasi. Jina la kwanza lilikuwa limewaelekeza watafiti kutafuta kitu kilichozidi, na ushahidi ulikuwa unawaonyesha kitu kilichokosekana.

Yapo mapingamizi, na hayastahili kupuuzwa. La kwanza ni kwamba sekunde 20 si miezi sita. Ni kweli, na hakuna kipimo cha moja kwa moja cha ndani ya fuvu kilichochapishwa kutoka kwa mwanaanga wa safari ndefu. Mabadiliko ya polepole yanaweza kuwepo, na picha zimeyaonyesha: mwaka 2017 Donna Roberts na wenzake waliona kwamba kati ya wanaanga 18 wa safari ndefu, 17 mfereji wa katikati ya ubongo wao ulikuwa umebanwa, ubongo ukiwa umepanda juu ndani ya fuvu. Lakini ubongo kupanda na maji kujipanga upya havihitaji shinikizo la ugonjwa; vinahitaji muda bila kitu cha kuvirudisha chini. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Baadhi ya wale wa Mader walitolewa maji ya uti wa mgongo baada ya kurudi, na vipimo vilikuwa kati ya sentimita 21 na 28.5 za maji, vya juu vikiwa vimevuka mpaka wa kawaida. Hata hivyo vilichukuliwa kati ya siku 12 na 60 baada ya kutua, wakati uzito umesharudi, na hakukuwa na kipimo cha kabla ya safari cha kulinganisha. Mtu anaweza kuwa na 25 tangu ujana wake bila kujua. Vipimo hivyo vinatuambia kitu fulani kuhusu kurudi; kuhusu kule angani havitoshi kutoa hukumu.

Pingamizi la tatu ndilo linalovutia kuliko yote: kama kukosa nafuu ya kusimama kunadhuru macho, mbona wagonjwa wanaolala kitandani kwa miezi, na wale wa majaribio ya kitanda kilichoinamishwa, hawakuvimba neva za macho? Jibu lilikuja kutoka Cologne, Ujerumani, katika maabara ya shirika la anga la nchi hiyo, na lilihusu mto wa kulalia. Katika majaribio ya zamani waliolazwa waliruhusiwa mto, na waliinuka kidogo kwa kiwiko wakati wa kula. Mwaka 2017 watu 11 walilazwa huko siku 30 bila mto na bila ruhusa ya kuinua kichwa hata kwa mlo, wakivuta hewa iliyoongezwa kabonidayoksaidi kidogo kama ile ya kituoni. Watano walipata uvimbe wa neva ya jicho. Wanaosema hewa ndiyo iliyoleta hali hiyo wana haki ya kuuliza, ila mto haukuwa jambo dogo. Nyuzi chache za kuinua shingo wakati wa kula uji zilikuwa zinatosha kuficha ugonjwa kwa miongo minne. Mgonjwa wetu wa kawaida, anayeegemezwa kwenye mito na ndugu zake, anakalishwa kunyweshwa chai na kugeuzwa mara kwa mara, anapewa bila mtu kujua ile nafuu ambayo mwanaanga hana.

Msomaji wa Tanga au Kisumu ana haki ya kuuliza mambo ya wanaanga wachache yanamhusu nini. Yanamhusu kupitia watoto. Ugonjwa tunaouita kichwa kikubwa, maji yanapojaa kwenye vyumba vya ubongo wa mtoto kwa kukosa njia ya kutoka, ni mzigo mkubwa katika nchi zetu, na mara nyingi huanzia kwenye maambukizi ya utotoni au huambatana na mgongo wazi. Tiba iliyozoeleka ni shanti, mpira unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Kwa mtoto mchanga anayelala muda wote mpira huo hufanya kazi inavyotakiwa. Akianza kuketi na kusimama, safu ya maji ndani ya mpira huvuta kama mtu anayenyonya petroli kwenye tangi kwa mpira, na kichwa kinaweza kukaushwa kupita kiasi. Harold Portnoy na wenzake walibuni kizuizi cha mnyonyo huo mwaka 1973, kwa kuwa walimfikiria mgonjwa aliyesimama. Na katika mji wa Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, Benjamin Warf alianzisha na kueneza njia ya kutoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha ubongo na kuunguza sehemu ya vile vishada vinavyotengeneza maji, ili mtoto aishi bila mpira kabisa. Jaribio la watoto 100 wa Mbale lililochapishwa mwaka 2017 halikuona tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili baada ya mwaka mmoja, na kwa familia inayoishi mbali na hospitali, mahali ambapo mpira ukiziba mtoto anaweza kufa njiani, kutokuwa na mpira si jambo dogo. Elimu ya maji ya ubongo imekuwa ikijengwa Afrika Mashariki pia, kwa mikono ya wauguzi na madaktari ambao hakuna aliyewapiga picha wakiwa wamevaa suti nyeupe. Kwamba mafanikio ya Mbale yanajulikana zaidi Boston kuliko Dar es Salaam ni jambo la kutusikitisha.

Ya miaka ya karibuni yanasemeka kwa ufupi. Picha za wanaanga 30 zilizochapishwa mwaka 2023 zinaashiria kwamba vyumba vya ubongo vilivyotanuka angani huenda vikahitaji kama miaka mitatu kurudi. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba kati ya watu 11 waliopimwa kituoni, sita damu ya shingoni ilikuwa imesimama au kurudi nyuma, na mmoja alikutwa na bonge la damu kwenye mshipa. Kuhusu tiba, Warusi wamekuwa wakitumia tangu miaka ya 1970 suruali ngumu iitwayo Chibis, inayonyonya hewa kuzunguka miguu ili damu ishuke. Dallas walitengeneza mfuko wa kulalia wa namna hiyo, na mwaka 2021 wakaonyesha kwa watu 10 waliolazwa siku tatu kwamba saa nane za mfuko kila usiku hupunguza mabadiliko ya macho. Alan Hargens, mmoja wa walioliendeleza wazo la kuvuta damu miguuni, alikuwa amejifunza mapema kwa twiga: mwaka 1987 yeye na wenzake walieleza katika jarida la Nature jinsi ngozi ngumu ya miguu ya mnyama huyo inavyozuia damu isirundikane chini. Dawa hizi zote zinaelekea upande mmoja, kumrudishia mtu nafuu ya kusimama hata kama ni kwa usiku tu.

Lakini swali ambalo kila anayepanga safari ya mbali lazima alijibu bado liko wazi: uzito kiasi gani unatosha? Mwezini ni sehemu moja ya sita ya uzito wa dunia, Mars ni asilimia 38. Huko Cologne watu waliozungushwa kwenye mashine ya kuiga uzito nusu saa kwa siku wakati wa miezi miwili ya kulala hawakuepuka uvimbe wa neva ya jicho, kwa hiyo nusu saa haitoshi. Kwa wanyama, jibu lingeweza kuwa limepatikana zamani. Kituo cha Kimataifa kilipobuniwa, kilipangiwa chumba chenye mashine ya kuzungusha panya na mimea kwa uzito wowote kuanzia karibu na sifuri hadi mara mbili ya ule wa dunia, na Japani ikaanza kukijenga. Mwaka 2005 mradi huo ulifutwa, ikielezwa kuwa gharama zimepanda na safari za kukipeleka zimepungua. Miaka yote 20 iliyofuata wanaanga walipoteza nguvu za macho mbele ya vipimo vya kila aina, bila chumba hicho. Umbo la chumba hicho, likiwa tupu, limewekwa nje katika uwanja wa kituo cha anga cha Tsukuba, ambako wageni hupiga picha mbele yake.